Mwenye Ufunguo Hakopi

Watu wakiniuliza niliingiaje kwenye madeni ya simu, nawajibu kwamba ni upepo. Wanadhani nakwepa swali. Asiyeishi Singida anaujua upepo wa kupeperusha pazia. Wa kwetu unafungua mlango uliokwisha kuufunga, unakulisha mchanga bila kukukaribisha, na mwaka wangu wa kwanza chuoni ulinivua wigi pale Utemini, saa ya kutoka kipindini, mbele ya darasa zima la uhasibu.

Lilikuwa wigi la bei chee, limeshikwa na pini mbili na imani. Liliruka juu ya vichwa vya watu, likageuka mara moja hewani kama linaniaga, kisha likatua kwenye tenga la kuku lililofungwa nyuma ya baiskeli. Kuku wa Singida wamezoea kusafirishwa mpaka Dar es Salaam kwenda kuliwa, nao husafiri kwa utulivu mkubwa. Siku ile walipiga kelele ambazo hata kisu hakijawahi kuwapigisha. Mwenye baiskeli alishuka, akalitoa kwa vidole viwili, akaniuliza kama ni la kwangu. Nilikuwa nimesimama na mabutu matatu kichwani. Ningesema ni la nani?

Mwenzangu wa chumba, msichana wa Ihanja mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake, alikaa chini barabarani akicheka. Nilimchukia kwa muda wa kutembea hadi dukani, akaninunulia soda, nikamsamehe. Ndipo aliponiambia kwamba siku hizi hakuna sababu ya mtu kuvaa wigi la kuku wakati simu inakopesha.

Nikapakua. Simu iliniuliza jina, namba ya kitambulisho, kisha ikaomba ruhusa ya kusoma majina yote niliyohifadhi. Nikaruhusu. Ingeniomba ruhusa ya kulala kitandani kwangu ningeruhusu vilevile, nilikuwa na haraka. Pesa iliingia kabla sijameza mate. Sikuona mtu, sikumwamkia mtu, hakuna aliyeniuliza za nini. Nilimwonyesha mwenzangu kioo cha simu, tukashikana mikono tukarukaruka mle chumbani mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta.

Nawaambia ukweli, ule mwezi ulikuwa mtamu. Nilinunua wigi refu, jeusi, lenye mkanda wa kukaza kisogoni, na gundi juu yake kwa usalama wa taifa. Upepo ulilijaribu mara kadhaa ukashindwa. Nikawa natoka nje makusudi ukivuma sana, napita palepale ulipoumbuliwa utu wangu, natembea polepole kwa kuukabili. Halafu tukala chipsi kuku, tukawalisha na majirani. Halafu tukanunua spika. Mkopo wa kwanza ulipodai, nilikopa kwingine mkubwa zaidi nikaulipa, na wa pili ulipodai nikafanya hivyohivyo. Tulikuwa tunasoma uhasibu, kwa hiyo tuliona tunafanya mazoezi kwa vitendo. Mpango ulikuwa kumaliza yote boom likitoka. Boom, yaani ile posho ya serikali kwa wanafunzi, lilichelewa, na lilipofika tulisalimiana nalo asubuhi tukaagana nalo jioni. Kodi ya chumba ilikuwa imelisubiri mlangoni. Deni likabaki moja, lakini nono, na kila siku lilizidi kunenepa kwa faini. Mtaani mikopo hii inaitwa kausha damu. Sikujali jina. Damu nilikuwa nayo nyingi.

Kisha simu ya mwenzangu ikalia mlio wa ujumbe. Tulikuwa tumelala kitanda kimoja, miguu huku na kichwa kule, tunasoma. Akausoma kwa sauti: yeye, akiwa mdhamini wangu, anaarifiwa kwamba mimi ni mdaiwa sugu niliyekimbia na kujificha, na anaombwa kusema niliko. Akanitazama juu ya vidole vyangu vya miguu.

"Umekimbia?" akaniuliza. "Mbona umelala?"

Tulicheka tukaanguka. Mchana ule ujumbe ulikwenda kwa darasa zima, kwa fundi cherehani, kwa kijana aliyewahi kunitaka nikamkataa, ambaye alijibu kwamba Mungu si Athumani. Nilicheka na hilo. Nilicheka mpaka nilipokumbuka kwamba majina kwenye simu yangu hayakuishia Singida mjini.

Bibi yangu anaishi Kilimatinde, kule juu ng'ambo ya Manyoni, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa wa kubebwa. Ni Mgogo wa Wagogo, mrefu, mkali wa macho na mwepesi wa kucheka. Hana shamba kubwa wala ng'ombe wa kuhesabika. Cheo chake duniani kilikuwa kimoja: ufunguo. Akina mama wa kanisani kwao wana kikoba, chama cha kuweka na kukopa, na fedha zao hukaa kwenye sanduku la chuma lenye makufuli matatu. Funguo hushikwa na watu watatu tofauti, ili sanduku lisifunguliwe ila wote wakiwepo. Bibi alishika mmoja tangu kikundi kinaanzishwa. Aliutundika shingoni kwa uzi, akaoga nao, akalala nao. Na kanuni ya kikundi ilisema mwenye ufunguo hakopi wala hadhamini, na nyumbani kwake asiwepo mdaiwa, kwa sababu mwenye njaa hapewi kulinda chungu. Wengine wawili walishabadilishwa mara nyingi. Yeye hakuwahi kuguswa. Watu wakipita kwenye vurugu za fedha walikuwa wanasema, nendeni kwa mama wa ufunguo.

Sasa mimi, katika kumtania, nilikuwa nimehifadhi namba yake kwa jina la Mkurugenzi. Nikajua kabisa kwamba mtu anayetafuta pesa zake, akiona majina ya wasusi na wauza chipsi halafu akaona Mkurugenzi, hatapoteza muda na wasusi. Nilimpigia bibi, simu ikawa haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Mwenzangu alinipa nauli bila kucheka, nikajua mambo yameharibika.

Kesho yake, njia nzima hadi Manyoni nilikuwa natunga uongo. Nitasema ni matapeli. Nitasema simu iliibiwa. Nitasema kuna msichana mwingine mwenye jina kama langu, na kiwango fulani cha kufanana. Kwenye bodaboda ya kupanda Kilimatinde nilikuwa na uongo wa aina tatu, wote mzuri, na wigi limekazwa kisawasawa. Nilichokiogopa hakikuwa viboko. Niliogopa kumkuta shingo tupu.

Nilisikia vicheko kabla sijafika. Ilikuwa siku ya kikao na akina mama walikuwa kwenye kile chumba nyuma ya kanisa, na walikuwa wanacheka vile vicheko vya kupigana mabega na kufutana machozi. Nikachungulia. Sanduku lilikuwa katikati, bado limefungwa. Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi, simu yake ndogo ameishika mbele ya mdomo kama kipande cha muhogo, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Na ndani ya simu kulikuwa na sauti ya kijana ikisema kwa unyonge kwamba simu hii inarekodiwa.

"Irekodi vizuri," bibi akamwambia. "Bosi wako naye asikie."

Yaliyotangulia nilisimuliwa baadaye na karibu kila mwanamke aliyekuwepo, kila mmoja akiongeza chumvi yake, lakini kiini kilikuwa hivi. Kwenye kikao simu ikilia unatozwa faini. Ya bibi ikalia. Akalipa faini yake palepale, kisha akasema kwa kuwa ameshailipia atapokea, na ataongea mpaka hela yake iishe. Yule kijana wa madeni akaanza kwa heshima kubwa, shikamoo Mkurugenzi. Bibi hakuona sababu ya kukataa cheo. Akaitikia marahaba, na kama ilivyo ada ya kwao, kabla ya kuulizwa shida yake kijana akaulizwa kwanza ni mtoto wa wapi na kabila gani. Hapo ndipo alipofanya kosa. Akasema yeye ni wa Tabora, Mnyamwezi.

Jamani. Kumwambia bibi yangu kwamba wewe ni Mnyamwezi halafu ukataka kumdai! Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukuchukulia kuku wako bandani ukacheka. Anaweza kukutukana msibani, ukiwa na machozi bado, na wewe ukamshukuru. Utani una sheria moja tu: anayekasirika ameshindwa. Yule kijana alikuwa amefundishwa kutisha watu, pengine alikuwa na maneno makali yameandikwa mbele yake, na yote yakawa hayana kazi tena.

Bibi alimwambia kwamba babu zake walipita Ugogo na mizigo kichwani, wakanywa maji ya visima vya Wagogo kwenda na kurudi, na hongo, yaani ushuru wa maji hayo, haijalipwa mpaka leo. Kwa hiyo kama ni habari ya wadaiwa sugu, waanze na hiyo, na riba yake aipige yeye mwenye mashine. Kijana alijikaza kidogo. Halafu damu ikamshinda. Akasema kumbe Wagogo wamepanda daraja, zamani walikuwa wanaomba, sasa wameanza kukopa. Ndicho kicheko nilichokisikia nikiwa njiani.

Nilipoingia, bibi aliniona. Uso wake haukubadilika.

"Mnyamwezi," akasema kwenye simu, "mtu wako huyu hapa kaingia. Subiri asalimie."

Na kwa kuwa huwezi kuingia mbele ya wakubwa ukaanza na shida zako, nilizunguka chumba kizima, mmoja baada ya mwingine, nikishika mikono na kupiga goti, shikamoo, marahaba, mbukwa ya Kigogo, mbukwa, hujambo masomo, sijambo, huku mdai wangu akisubiri hewani kwa gharama yake. Nilipofika kwa bibi nilikuwa nimesahau uongo wa aina zote tatu. Aliitikia shikamoo yangu akicheka pamoja na wenzake. Lakini mkono wake mmoja ulikuwa shingoni, umeshika ule uzi, na haukucheka.

"Ulichukua hela zao?" akaniuliza.

Nikasema nilichukua.

Hakuna aliyegomba. Nilitamani wagombe. Kijana wa simuni ndiye aliyenisema, na kwa kuwa alikuwa mtani alinisema apendavyo: kwamba amedai watu wengi mwezi huu, wa mahindi, wa hospitali, wa mitaji, lakini hajaona Mgogo aliyekopa mara tatu na simu yake haionyeshi hata debe la mtama. Akina mama walipiga makofi. Mimi nilisimama katikati na nywele za mkopo, masikio yanawaka, na sikuwa na haki ya kununa. Kisha sauti yake ikashuka. Akasema, "Bibi, leo umenichekesha kazini. Alipe kile alichochukua tu, leo hii, faini zote nitaziombea zifutwe."

Bibi akamwambia asikate.

Akamgeukia mwenyekiti, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, akasema anaomba mjukuu wake akopeshwe na kikundi, na yeye atakuwa mdhamini. Mwenyekiti akamkumbusha kanuni kwa upole, kama anamkumbusha mtu aliyesahau miwani mahali. Bibi akasema anaijua, maana ni yeye aliyeidai iwekwe. Akauvuta uzi kupitia kilemba, ukakwama sikioni, akaukwamua, akauweka ufunguo juu ya sanduku.

"Haya, Mnyamwezi," akasema, "umenivua. Nenda ukawaambie kwenu."

Wote wakacheka tena, hata simu ikacheka, na mimi nilitaka sakafu ipasuke. Nilikuwa nimesafiri kutwa kuuokoa ufunguo ule, na kumbe mtu pekee aliyeweza kuuondoa shingoni ni mwenyewe, na ameuondoa kwa ajili yangu akiwa anatania. Nilimpenda siku ile mpaka nikamwogopa.

Ilibaki ada ya mwisho. Kwenye kikoba anayekopa husimama, akasema kwa sauti anakopa kwa ajili gani, ili wenye fedha wasikie. Mwenyekiti akaniuliza. Nikajibu, kulipa deni. Akaniuliza, na deni lilikuwa la nini. Simu yangu haikuwahi kuniuliza hivyo, katika mikopo yote mitatu. Nikatazama chini, nikatazama juu.

"Wigi," nikasema.

Ajuza mmoja wa pembeni akaomba nirudie, hakusikia vizuri. Nikarudia. Sijawahi kuchekesha watu vile, na sidhani kama nitawahi tena. Mmoja alitoka nje kabisa kwa ajili ya mbavu zake. Walitaka kuliona, nikalivua, likapita mkono kwa mkono, likapimwa uzito, likanuswa. Mama mmoja mwenye duka la nguo alilivaa juu ya kilemba chake, akajitazama kwenye kioo cha simu, akasema analinunua. Alilinunua palepale, kwa nusu ya bei yangu, na bibi akamwambia Mnyamwezi asikilize jinsi biashara inavyofanywa. Fedha ile ikawa hisa zangu za kwanza, kwa sababu asiye mwanachama hakopeshwi. Nikaandikwa. Sanduku likafunguliwa kwa funguo zote tatu, wa bibi ukiwa umeshikwa na mkono wa mtu mwingine, nikakimbia kwa wakala mabutu yakiwa nje, nikalipa. Kijana akathibitisha. Akaniambia kwamba kwa utaratibu wao nastahili sasa kukopa zaidi, na bibi akamjibu kwa Kigogo neno ambalo sitalitafsiri.

Nililipa kikundi kidogokidogo. Mama wa mwenzangu kule Ihanja anakamua alizeti, akawa ananipa mafuta kwa mali kauli, nalipa nikishauza, nayauza chuoni chupa kwa chupa, nikiulizwa nywele zimeenda wapi nasema zimeolewa Kilimatinde. Kila kikao nilipanda kwenda kurejesha, sikutuma kwa simu hata mara moja. Mnyamwezi alituma kidumu cha asali kwa basi mpaka Manyoni. Bibi alikipokea akasema hiyo ni sehemu tu ya hongo, iliyobaki isichelewe.

Siku niliyomaliza, mwenyekiti alisimama akatangaza kwamba mkopo umekwisha, na kwa hiyo kikundi kinapendekeza ufunguo urudi kwa mwenyewe. Walikuwa wameununulia uzi mpya, mwekundu. Nilifurahi, nikaanza kupiga vigelegele kabla ya wenzangu. Bibi akaniambia ninyamaze. Akasimama akasema anashukuru sana, lakini wauweke palepale ulipo; yeye leo amekuja kukopa.

Hakuna aliyewahi kulisikia neno hilo mdomoni mwake. Mwenyekiti ikabidi akae. Akamuuliza, kama anavyouliza kila mtu, unakopa kwa ajili gani.

"Godoro," akasema bibi. "Lile nene."

Wakaanza mara moja. Bibi kizee peke yako, godoro nene la nini, umepata bwana, ni Mnyamwezi nini. Akawajibu mmoja mmoja, hakushindwa hata na mmoja. Nami nilicheka nao, na huku nacheka nikakiona kile kitanda chake, ambacho nilikilalia utoto wangu wote, godoro lake jembamba kama chapati, na yeye akijipindua upande wa ukutani kila usiku akisema ameshazoea. Sanduku lilikuwa limejaa miaka yote hiyo, na yeye ndiye aliyekuwa analilinda.

Mwenyekiti akafuta machozi ya kicheko, akauliza, kama kanuni inavyotaka, mdhamini wake ni nani.

Bibi hakugeuka. Alinyoosha tu kidole nyuma, mahali alipojua nimekaa.

"Huyo," akasema.

Safari hii hawakucheka. Walinigeukia wote, na katibu akainua kalamu akaniuliza kama nakubali. Nikanyoosha mkono juu. Niliuacha huko mpaka mama wa wigi akaniambia niushushe, wameshauona.